Maswali ya wasomaji: Mwanangu anataka kuingia harakati za tabianchi, nimruhusu?

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja na ishu moja, watoto wa shule na harakati za mabadiliko ya tabianchi. Nimechagua tano, majina nimeyatoa kama kawaida yetu, zile ndefu sana nimezipunguza. Majibu mengine ni marefu mnivumilie, hili jambo kwangu ni kubwa.

Habari za kazi dada. Mimi ni mama wa watoto watatu nakaa Kigogo, kule bondeni. Binti yangu mkubwa ana miaka 15 yupo fomu tuu. Tangu aingie klabu ya mazingira shuleni kwao habari ni hiyohiyo, hewa ukaa, bahari inapanda, wakubwa mmeiharibu dunia. Sikatai, maji yameshaingia ndani kwetu akiwa mdogo, mpaka leo kabati lina alama. Sasa juzi kaniambia kuna grupu la WhatsApp wamealikwa kwenye matembezi ya kudai haki ya tabianchi, ni Ijumaa saa nne asubuhi, tisheti watapewa hukohuko. Baba yake kasema asithubutu. Nikimwangalia binti naona anamaanisha, nikimwangalia baba naona ana hoja. Nimruhusu au nimzuie? – Mama wa watatu, Kigogo

Mama wa watatu, pole na hayo maji, na hongera kwa kuwa na binti anayekuja kukuambia, maana wengi wanaenda kimyakimya mzazi anakuja kuona picha kwenye status ya jirani. Hilo la kuja kukuambia lilinde kwanza kabla hata ya ishu ya matembezi. Ukimfokea leo, kesho hakuambii.

Ombi langu usimjibu ndiyo wala hapana sa hivi. Mwambie mwanangu nenda kaniletee majibu ya maswali haya alafu tukae mimi, wewe na baba yako. Nani amewaalika, jina lake kamili na ofisi yake iko wapi, jina la grupu halitoshi. Wanadai nini na wanamdai nani, wizara, manispaa, kampuni fulani au dunia nzima tu kwa ujumla. Polisi wana taarifa? Kwa sheria zetu anayetaka kufanya maandamano anatakiwa awape polisi taarifa si chini ya masaa 48 kabla, na polisi wana mamlaka ya kuzuia, kwa hiyo kama mwandaaji akiulizwa hilo anaanza kukwepakwepa basi binti kashapata jibu lake bila mzazi kusema neno. Mtu mzima gani atakuwa na watoto mwanzo mpaka mwisho, mtoto akizidiwa na jua anapelekwa zahanati gani na nani analipa, kurudi nyumbani wanarudi vipi. Picha zitaenda wapi, na mtu akisema asipigwe picha wanamsikiliza? Kuna chama cha siasa nyuma yake? Na swali ambalo mimi naliona la muhimu kuliko yote, ukifika pale ukaona hujisikii vizuri unaweza kuondoka bila mtu kukununia?

Binti wa miaka 15 akihangaika kutafuta majibu hayo mwenyewe anakuwa ameshaanza kuamua kwa akili yake, na hicho ndo unachokitaka, maana hata ukimzuia hii ya Ijumaa kuna nyingine atakuja kualikwa akiwa chuo na wewe haupo.

Haki anayo, tusizunguke. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushirikishwa kwenye maamuzi yanayogusa ustawi wake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao Tanzania imeuridhia, unaongelea mpaka haki ya kukusanyika kwa amani. Mwaka 2023 kamati inayosimamia mkataba huo ikatoa mwongozo mzima, namba 26, kuhusu haki za watoto na mazingira. Kwa hiyo baba akisema "watoto hawana la kusema kwenye haya mambo" hapo amekosea. Ila mkataba huohuo unaweka na ulinzi wa mtoto, na wewe mzazi ndo mlinzi wa kwanza, ukiuliza maswali hujamnyima haki mtu.

Alafu kaa nae umsimulie vizuri hawa watu anaowaona mtandaoni walianzaje, kwa sababu watoto wanaona picha ya mwisho tu. Greta Thunberg alianza Agosti 2018 akiwa na miaka 15, alikaa peke yake nje ya bunge la Sweden kwenye mji wa Stockholm, na kule mtoto kukaa nje ya bunge na bango hakumletei matatizo na polisi. Vanessa Nakate wa Uganda alianza Januari 2019 hapo Kampala, lakini alikuwa ana miaka 22, kashamaliza chuo, mtu mzima anayejibeba mwenyewe. Sio kwamba watoto wa Afrika hawana uchungu, ila gharama ya kukosa shule na kusimama barabarani haifanani nchi na nchi, na binti ana haki ya kuijua gharama ya hapa kwetu kabla hajailipa.

Kitu kingine, muulize akifika mbele ya maiki akaulizwa "kwanini Kigogo kunafurika" atasema nini. Akisema tabianchi basi, atakuwa amesema robo tu. Mto Msimbazi unaanzia juu huko milima ya Pugu, misitu imekatwa, mchanga unashuka unajaza mto, katikati kuna nyumba ndani ya bonde, kuna taka, kuna mji wote umepigwa sakafu na lami maji hayana pa kuzama, na juu ya hayo yote ndo zinakuja mvua kubwa zinazoshuka kwa mkupuo, ambazo dunia ikizidi kupata joto zinazidi kuwa kali kwa sababu hewa yenye joto inabeba mvuke mwingi zaidi. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa hapa Dar kwa mafuriko, familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Binti akiyajua haya anajua kipi cha kumdai nani. Manispaa inadaiwa mitaro na taka, serikali inadaiwa bonde, na sasa hivi kuna ule mradi wa bonde la Msimbazi wenye mkopo wa Benki ya Dunia, unadaiwa ulipe watu vizuri na uwasikilize, nchi tajiri zinadaiwa moshi wao. Akiyachanganya yote kwenye bango moja hakuna wa kumjibu.

Ukiniuliza mimi, kwa hivi ulivyoandika, grupu la WhatsApp, siku ya shule, tisheti mtapewa hukohuko, hii ya Ijumaa ningesema asiende mpaka majibu yaje yamenyooka na shule iwe na barua. Ila mwambie ni hii tu, harakati zake aendelee nazo. Na Jumamosi mpeleke mwenyewe serikali ya mtaa akaulize mtaro wa kwenu unazibuliwa lini, uone kama hajarudi amechangamka.

Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu sekondari moja Temeke, ni patroni wa klabu ya mazingira. Kuna taasisi imekuja inataka wanafunzi 60 siku ya mazingira tarehe 5 Juni, watatoa usafiri, kofia, juisi na mabango yameshachapwa. Mkuu wa shule amefurahi sana. Nilipowatangazia watoto mmoja akanyoosha mkono akauliza "sir tunaenda kusema nini?" nikakosa jibu. Tangu siku hiyo nimekosa amani. Nifanyeje ili wanaoenda waende kwa kuelewa, sio kwa juisi? – Mwalimu, Temeke

Marahaba mwalimu. Huyo mtoto aliyenyoosha mkono mpe uenyekiti wa klabu.

Kuna bwana mmoja anaitwa Roger Hart, mwaka 1992 aliandikia UNICEF kijitabu akachora ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vidato 8. Vile vitatu vya chini alisema sio ushiriki kabisa. Cha kwanza mtoto anatumiwa kusema ya watu wengine, cha pili anakuwa pambo, anavalishwa tisheti anasimamishwa anaimba na hajui shughuli ya nini, cha tatu anapewa kiti mbele na maiki lakini hana alichochagua wala hakuna atakachobadilisha. Mwalimu ukiangalia hiyo shughuli yako, mabango yameshachapwa, idadi imeshapangwa 60, ujumbe hawaujui, mimi naiweka kidato cha pili cha hiyo ngazi. Sisemi hiyo taasisi ni wabaya, mara nyingi wana nia nzuri na wana ripoti ya kumpelekea mfadhili inayotaka picha za watoto, ndo inavyokuwa. Ila watoto sio maua ya kupambia ukumbi.

Sasa nguvu unayo, wao wanakuhitaji wewe na hao 60. Waambie mabango yaliyochapwa wabaki nayo, nyie mtaleta yenu, watoto waandike wenyewe kwa marker kwenye maboksi, hata kama yatakuwa na makosa ya herufi. Waulize baada ya tarehe 5 kitatokea nini, kama jibu ni hakuna basi watoto waambiwe hivyohivyo kwamba hii ni sherehe ya siku moja, wachague wakijua. Usafiri, chakula na picha viandikwe kwenye barua ya mzazi kwa Kiswahili cha kawaida, ieleze nani kaandaa, wanaenda kufanya nini, picha zitatumika wapi, na iwe na sehemu ya kutick "mtoto aende ila asipigwe picha". Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sura ya mtoto sio mali ya mtu yeyote aliyekuja na kamera.

Na namna ya kuwauliza watoto ni muhimu kuliko unavyofikiri. Ukisimama mbele na fimbo mkononi ukasema "wanaotaka kwenda wanyooshe mikono" watanyoosha wote, nani atabaki chini mwalimu anamwangalia. Wagawie vikaratasi, wasiandike majina, waandike nataka, sitaki au sijajua na sababu moja. Soma sababu darasani. Alafu siku mbili baadae ndo wajiandikishe, na uwaambie mapema kabisa asiyekwenda hana kosa, hapunguziwi maksi ya tabia, hafagii choo. Wakijiandikisha 22 unapeleka 22, mkuu wa shule atanuna kidogo itaisha.

Kabla ya hapo wape vipindi viwili vya kubishana, maana mtoto anayesikia upande mmoja hajachagua kitu, kachaguliwa. Chukua barafu ya Kilimanjaro. Kila mtoto anajua imepungua, na kweli imepungua sana, zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, lakini wanasayansi wamebishana kwa miaka ni kiasi gani ni joto na kiasi gani ni ukame, theluji kupungua na jua kuipiga ile barafu moja kwa moja. Mtoto akijifunza hapo kwamba jambo linaweza kuwa kweli na bado sababu zake zina mjadala, hadanganyiki kirahisi na mwanaharakati wala na mpingaji. Au chukua bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani Tanga. Wagawe makundi, wengine waseme ajira, mapato ya serikali, bandari ya Tanga kuchangamka, wengine waseme ardhi za watu na fidia, mazingira, na hewa ukaa itakayotoka hayo mafuta yakichomwa. Wabadilishane pande kipindi cha pili.

Hapohapo mwalimu uwaambie jambo ambalo watu wengi wanaogopa kuwaambia watoto, kwamba harakati hazina hatari sawa. Kupanda mikoko Kunduchi utapigiwa makofi na mkuu wa wilaya, kusimama na bango la kupinga mradi mkubwa wa serikali ni habari nyingine kabisa na inaweza kumletea mtoto na familia yake maswali mazito. Uganda vijana wengi wameshakamatwa kwa kupinga hilohilo bomba. Hiyo haimaanishi hoja yao ni mbaya, inamaanisha anayekwenda ajue anakwenda wapi, na mtoto wa chini ya miaka 18 asipelekwe huko na mtu mzima yeyote, hata mimi ninayeamini watoto wasikilizwe nasema hapo hapana.

Na sio lazima msubiri kualikwa. Klabu za mazingira za Roots & Shoots za Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, ambazo leo ziko nchi nyingi duniani, zilianzia hapahapa Dar es Salaam mwaka 1991, wanafunzi wa sekondari walimfuata wao nyumbani kwake wana yao ya kusema, yeye akawauliza mnataka kufanya nini. Anza na swali hilo.

Mambo dada, mi niko fomu foo Mbagala nina miaka 17. Nilikua active sana klabu ya mazingira ila sa hivi nachoka, nikiona clip za moto na mafuriko silali, kuna mtu kaposti dunia mwisho 2030 yaani hata mtihani wa Novemba naona wa nini. Alafu wenzangu wanataka nionekane kwenye video ya kampeni mi sitaki, wananiita muoga, wanasema watoto wa mabondeni wanakufa we unasoma fizikia. Je ni muoga kweli? – Fomu foo, Mbagala

Mdogo wangu, hapana. Mtu aliyeweza kuandika haya sio muoga.

Tuanze na hiyo 2030 maana inakula usingizi wa watoto wengi. Ilitoka wapi? Oktoba 2018 jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa, IPCC, walitoa ripoti wakasema kama dunia inataka joto lisizidi nyuzi 1.5 juu ya lilivyokuwa kabla ya viwanda, basi hewa ukaa ishuke kama asilimia 45 kutoka kiwango cha 2010 ifikapo 2030, na ifike sifuri halisi, yaani inayotoka isizidi inayoondolewa, karibu mwaka 2050. Watu wa mtandaoni wakaikata wakabaki na "miaka 12 imebaki". Haikusema dunia inaisha. Ripoti yao ya 2023 inasema tumeshapanda kama nyuzi 1.1 kwa wastani wa 2011 mpaka 2020, na kila sehemu ndogo ya nyuzi joto inayoongezeka inaongeza madhara. Maana yake ni kwamba hakuna siku mlango unafungwa ikawa basi. Mwaka 2031 utakuwepo, utakuwa na miaka yako ishirini na kitu, na kazi bado itakuwepo tena itahitaji watu wanaojua fizikia kwelikweli. Nani atafunga sola, nani atapiga hesabu za daraja la Jangwani maji yapite chini, nani atakaa pale Mamlaka ya Hali ya Hewa kusoma kimbunga kinaelekea wapi kama Hidaya ya Mei 2024?

Hofu yako sio ya peke yako. Mwaka 2021 watafiti waliuliza vijana 10,000 wa miaka 16 mpaka 25 kwenye nchi 10, Afrika ilikuwemo Nigeria tu, asilimia 59 walisema wana wasiwasi sana au kupita kiasi juu ya tabianchi, na karibu nusu wakasema inawasumbua kwenye maisha ya kila siku. Kwa hiyo hujarukwa na akili. Ila kukosa usingizi siku nyingi ni jambo la kumwambia mtu mzima uso kwa uso, mama, mwalimu wa malezi, shangazi, yeyote unayemwamini, na ukikosa wa kumwambia piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto, bure mitandao yote. Na zile clip, mdogo wangu, zizime usiku. Kuangalia video ya moto saa sita usiku hakumsaidii aliyeunguliwa nyumba.

Kuhusu video ya kampeni. Hapana yako ni uamuzi kamili, haihitaji cheti cha daktari. Sura yako ikishaingia mtandaoni haitoki, miaka kumi mbele mtu anaweza kuichukua akaipachika maneno mengine, na kuna sheria za makosa ya mtandao ambazo kijana akiposti takwimu ya uongo anaweza kujikuta pabaya. Anayetaka uso wake uonekane akiwa ameyajua hayo sawa, mimi simkatazi. Asiyetaka ana kazi nyingine kibao. Ona mfano huu ambao naupenda sana. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki waliokuwa wanasoma Vanuatu walikaa darasani wakajiuliza hivi tukipeleka suala la tabianchi mahakama kubwa kuliko zote duniani itakuwaje. Wakaandika barua, wakasumbua serikali zao, Vanuatu ikalibeba, mwaka 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likakubali kuiuliza mahakama hiyo, na Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ikatoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kulinda mfumo wa hali ya hewa. Kilichofika The Hague kilianza na kusoma, kuandika na kutokukata tamaa.

Hapa kwetu pia. Kuanzia 2015 vijana wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, wakiwa na wakazi wa mitaani, walitembea kata za mafuriko na simu wakachora mitaro, nyumba na vichochoro kwenye mradi wa Ramani Huria, ramani ambazo hazikuwepo kabisa. Hakuna aliyepiga kelele, na leo mtu akitaka kujua maji yatapita wapi Tandale ana pa kuanzia.

Sasa wenzako nao usiwachukie, wana uchungu wa kweli, ila mtu anayekuita muoga ili ufanye anachotaka hajakuomba, amekulazimisha. Waambie hivi, mimi kwenye video sipo, script nipeni nikague takwimu. Uone kama hawatakuhitaji. Na mpaka Novemba ipite pumzika bila kujieleza kwa mtu.

Mimi niseme ukweli hawa watoto wanatumiwa na wazungu. Waliochafua ni wao, leo wanakuja kutuambia tusitumie mafuta yetu na watoto wetu ndo wabebe mabango. Mtoto kazi yake kusoma. Wangu nimempiga marufuku hata klabu ya shule. – Baba, Tegeta

Baba, nusu ya maneno yako watoto wenyewe ndo wanayasema kwenye mabango. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia na ndo inayoumia, hiyo ndo maana ya haki ya tabianchi, ndo maana kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022 nchi masikini zilipambana mpaka ukakubaliwa mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zinazoumizwa na tabianchi. Mwanao akiwa klabu angekuwa wa kwanza kukuunga mkono hapo.

Na haya mambo hayakuletwa na wageni tu. Profesa Wangari Maathai wa Kenya alianzisha harakati za kupanda miti za Green Belt mwaka 1977, akapigwa, akawekwa ndani, 2004 akapata Nobel ya amani, na alikuwa mama wa Kiafrika anapanda miti na wakina mama wa kijijini. Oktoba 2022 maji ya mto Ruvu yaliposhuka tukagawana kwa mgao Dar nzima, ulibeba madumu wewe na mimi. Mwaka 2024 Waziri Mkuu alitangaza bungeni watu 155 wamekufa kwa mvua za El Nino na mafuriko. Mtoto anayaona haya, ukimwambia yasikuhusu hakuelewi.

Hofu yako ya kutumiwa ni halali, na dawa yake ni maswali yaleyale niliyompa mama wa Kigogo, ampime nayo mzungu, mwanasiasa, kampuni, na hata mimi. Marufuku inamfundisha kitu kimoja tu, kuficha. Mrudishe klabu baba, alafu kila wiki muulize mmejifunza nini, mbishane mezani, umshinde kwa hoja kama unazo.

Dada mwanangu yupo darasa la nne, shule imetuma fomu ya matembezi ya mazingira Coco Beach, kuokota plastiki, mwisho watoto watatoa tamko. Nisaini? Ana miaka 10 anataka sana. – Mama Tabata

Kuokota plastiki saini, aende na kofia, maji na viatu vya kufunika vidole, kule kuna vioo vingi, na uulize kama wameandaa glavu. Miaka 10 kazi ya kugusa kwa mkono anaielewa vizuri, na mnaporudi mweleze kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na bado inaokotwa, muulize kwanini, utashangaa majibu yake.

Hilo tamko ndo uulize. Limeandikwa na nani? Omba nakala leo, soma na mwanao jioni, sentensi asiyoielewa au asiyokubaliana nayo mwandikie mwalimu kwamba wangu hiyo hasemi. Kama hakuna nakala, andika pembeni ya saini yako "kuokota ndiyo, tamko hapana", na umwambie mtoto umeandika nini na kwanini kabla fomu haijarudi shuleni.